Rubani Ndani ya Wingu

Kila mmoja wenu amepata kuona eropleni ikipita angani, ikaingia ndani ya wingu, ikapotea. Ngurumo yake yasikika bado, lakini yenyewe haionekani tena. Sisi tulio chini twasema, "Imefichwa na wingu." Lakini ni wachache wakumbukao kwamba rubani naye amefichwa vivyo hivyo. Haoni nchi, haoni mlima, haoni jua. Mbele yake weupe, nyuma yake weupe, juu na chini weupe mtupu. Basi aendaje? Ajuaje kwamba eropleni yake haijalala ubavu, wala haielekezi pua yake chini?

Zamani, kabla eropleni hazijabuniwa, jina la rubani lilikuwa la mtu wa baharini. Ndiye aliyejua miamba na mikondo, akaongoza chombo kuingia bandarini salama. Rubani wa angani naye ana miamba yake na mikondo yake, na adui yake mkubwa ni yule yule wa mwenziwe wa baharini, yaani kutoona. Kwa sababu hiyo mataifa yamepatana juu ya sheria za namna mbili. Za kwanza ni Sheria za Kuruka kwa Macho. Za pili ni Sheria za Kuruka kwa Vipimo. Hali ya hewa ndiyo iamuayo kama za kwanza zatosha, au kama sharti zifuatwe za pili. Katika somo hili tutaeleza kwa nini sheria hizi ni mbili, na kwa nini mtu asiyezishika huhatarisha roho yake na roho za wengine.

Jinsi masikio yadanganyavyo

Siku ya anga safi rubani hutazama mstari ule ambapo mbingu na nchi zaonekana kukutana. Mstari huo twauita upeo wa macho. Akiuona umelala sawa mbele yake, ajua kwamba mabawa yake yako sawa. Ukipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, ajua kwamba eropleni imeinama, naye huirudisha kwa usukani. Kazi hii haina shida, maadamu upeo waonekana.

Labda mtasema, "Lakini mtu hata akifumba macho ajua kama amesimama au ameinama." Ni kweli, akiwa ardhini. Ndani kabisa ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo, iliyopindika kama nusu ya duara, nayo imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, mifereji hugeuka pamoja nacho, lakini majimaji hukawia nyuma kidogo, yakapinda vinywele vidogo sana. Hapo ubongo hupata habari kwamba tunageuka. Lakini tukizidi kuzunguka kwa mwendo ule ule, baada ya muda mfupi majimaji nayo huzunguka sawa na mifereji, vinywele husimama, na ubongo husema, "Tumetulia." Tukisimama ghafula, majimaji huendelea mbele, na ubongo husema, "Sasa twazunguka upande wa pili." Ndiyo sababu mtoto achezaye kwa kuzunguka-zunguka, akisimama, huona nyumba na miti yazunguka, naye huanguka chini.

Mwenyezi Mungu alitupa masikio yatufaayo kutembea juu ya nchi, tena yatufaa sana; hakutuumba kuwa ndege. Hata ndege wenyewe, wengi wao hawaruki ndani ya mawingu mazito wakiweza kuyaepuka.

Mwaka 1926, huko California katika Marekani, daktari mmoja wa jeshi, jina lake David Myers, alimjaribu rubani aliyeitwa William Ocker. Ocker alikuwa mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi. Daktari alimketisha juu ya kiti kizungukacho, macho yake yamefumbwa, akakizungusha taratibu, akamwuliza anageukia upande gani. Kwanza Ocker alijibu sawasawa. Kiti kilipopunguza mwendo, alisema kimesimama. Kiliposimama, alisema chazunguka upande wa pili. Rubani hodari alishindwa kama mtoto! Lakini Ocker hakukasirika kwa kuonyeshwa kosa lake. Alikwenda akatengeneza sanduku dogo la kufunika uso, akatia ndani yake kipimo cha kuonyesha mgeuko, akarudi kwa daktari. Safari hii alijibu kwa kukitazama kipimo wala si kwa kuusikiliza mwili wake, naye hakukosa hata mara moja. Tangu siku hiyo alijua siri kubwa, ya kwamba ndani ya wingu mwili husema uongo, na kipimo husema kweli.

Dakika tatu

Sasa tuone ni jambo gani limpatalo rubani asiyefundishwa, akiingia katika wingu. Bawa moja huanza kushuka polepole sana, hata masikio hayasikii. Eropleni iliyoinama hugeuka, na igeukapo huanza kushuka. Rubani ajiona amekaa sawa. Kisha aona kipima-kimo chake chaonyesha kwamba ashuka, na upepo wavuma kwa nguvu nje. Basi avuta usukani ili apande. Lakini kwa kuwa eropleni imelala ubavu, kuvuta huko hakuipandishi, bali huzidi kukaza mzunguko wake, kama maji yazungukayo yakiteremka katika tundu. Kadiri avutavyo ndivyo azungukavyo kwa kasi. Na kama ikitokea akayasawazisha mabawa, masikio yake humwambia kwamba sasa ndipo ameinama, naye huyarudisha tena katika hatari ile ile.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walifanya jaribio. Walichukua marubani 20 wasiofundishwa kuruka kwa vipimo, wakawapandisha angani pamoja na mwalimu, wakawazuia wasione nje. Baadhi ya vipimo vilikuwa mbele yao, lakini hawakuzoea kuvisoma. Wote 20 walishindwa kuiongoza eropleni. Mmoja alishindwa baada ya sekunde 20 tu. Aliyevumilia kuliko wote alifika sekunde 480. Wastani wao ulikuwa sekunde 178, yaani hazitimii dakika tatu. Kama mwalimu asingalikuwapo, wote wangalikufa. Kumbukeni hesabu hiyo, maana ndiyo msingi wa yote yafuatayo.

Mtu wa kwanza kuruka bila kuona

Mtauliza, "Je, yawezekana kuruka bila kuona nje kabisa?" Jibu lilipatikana tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field karibu na New York. Rubani James Doolittle aliketi katika kiti cha nyuma cha eropleni ndogo, na juu yake pakafunikwa turubali, asiweze kuona kitu ila vipimo vyake. Katika kiti cha mbele aliketi mwenzake, Benjamin Kelsey, aliye tayari kuushika usukani kama ikitokea hatari. Doolittle alipaa, akaenda, akageuka, akarudi, akatua, yote hayo katika muda wa robo saa hivi, wala hakuona nchi hata kidogo. Kelsey hakuhitaji kumsaidia.

Doolittle alisaidiwa na vipimo vitatu vipya zaidi ya vile vya zamani, pamoja na redio ya kumwongoza. Cha kwanza ni upeo wa bandia, cha pili ni kipimo cha kuonyesha mwelekeo, na cha tatu ni kipima-kimo chepesi kuliko vya kwanza, kilichotengenezwa na Paul Kollsman. Vile viwili vya kwanza vilitoka katika kiwanda cha Elmer Sperry. Mkitaka kujua jinsi vifanyavyo kazi, tazameni pia mnayochezea. Pia ikizunguka kwa kasi husimama juu ya ncha yake. Ukiisukuma kidogo hukataa kulala. Vivyo hivyo ndani ya kipimo mna gurudumu dogo lizungukalo kwa kasi kubwa. Eropleni ikiinama, gurudumu haliinami pamoja nayo. Basi limeunganishwa na mstari uliochorwa, na mstari huo humwonyesha rubani mahali upeo wa kweli ulipo, hata kama nje ni giza au wingu.

Hata leo vipimo vilivyo vikubwa kwa rubani ni sita: kipima-mwendo, upeo wa bandia, kipima-kimo, kipimo cha mgeuko, kipimo cha mwelekeo, na kipimo cha kupanda na kushuka. Katika eropleni mpya vyote huonekana pamoja juu ya kioo kama cha televisheni, lakini habari zitolewazo ni zile zile. Rubani aliyefundishwa hakikazii macho kipimo kimoja tu. Huvipitia vyote mmoja mmoja, tena na tena, kama mchungaji ahesabuye kondoo zake, ili kimoja kikiharibika vingine vimsute.

Hewa hupimwaje?

Kabla ya safari rubani hutaka kujua mambo mawili hasa: aweza kuona umbali gani, na mawingu yako juu kiasi gani.

Umbali wa kuona hupimwa kwa mita au kilomita. Kama mtu hawezi kuona mbali kufikia mita 1,000 kwa sababu ya matone madogo ya maji hewani, hali hiyo huitwa ukungu mzito. Kutoka mita 1,000 hata 5,000 huitwa ukungu mwepesi. Mvua, vumbi na moshi pia hupunguza kuona.

Mawingu nayo hupimwa kwa kuigawa mbingu katika mafungu nane. Fungu moja au mawili yakifunikwa, husemwa mawingu ni machache; matatu au manne, yametawanyika; matano hata saba, yamefunika sehemu kubwa; manane, hakuna nafasi iliyobaki. Tabaka la chini kabisa lifunikalo zaidi ya nusu ya mbingu huitwa dari. Jina hilo lafaa sana, kwa maana rubani arukaye kwa macho hukaa chini yake kama mtu akaavyo chini ya dari ya nyumba, asiweze kulipita.

Nanyi mwaweza kukisia kimo cha wingu kwa hesabu. Hewa ipandayo hupoa. Ikipoa hata kufikia kiasi fulani, mvuke uliomo hugeuka matone, na hapo ndipo wingu lianzapo. Kiasi hicho cha baridi huitwa kiwango cha umande. Toa kiwango cha umande katika joto la hewa, kisha zidisha jibu kwa mita 125. Tuseme joto mchana ni digrii 27, na kiwango cha umande ni digrii 19. Tofauti ni digrii 8. Mara 125, ni mita 1,000. Basi chini ya mawingu yaletwayo na hewa ipandayo patakuwa mita 1,000 hivi juu ya nchi. Na kama tofauti yawa kidogo sana karibu na mapambazuko, rubani mwenye akili hutazamia ukungu.

Sheria zenyewe

Mwaka 1944, tarehe 7 Desemba, mataifa mengi yalitia saini mapatano katika mji wa Chicago, na kutokana nayo kukatoka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Shirika hilo ndilo liandikalo kanuni za angani zifuatwazo na mataifa, ingawa kila nchi yaweza kuongeza zake.

Arukaye kwa macho, akiwa chini ya kimo cha mita 3,050, sharti aweze kuona umbali wa kilomita 5. Akiwa juu zaidi, kilomita 8. Tena, kwa kawaida asilikaribie wingu: kando yake akae mbali mita 1,500, na juu yake au chini yake mita 300. Karibu na nchi, mahali pasipo na waongozaji wa ndege, aweza kuruhusiwa kulikaribia zaidi, lakini asiingie ndani, wala asikose kuiona nchi. Na katika eneo la uwanja wenye waongozaji, bila ruhusa yao ya pekee hapai wala hatui kwa macho kama dari iko chini ya mita 450, au umbali wa kuona haufiki kilomita 5.

Kwa nini sheria hudai umbali mkubwa namna hii? Fanyeni hesabu. Eropleni mbili zaelekeana, kila moja yaenda mita 100 kwa sekunde. Basi zakaribiana mita 200 kila sekunde. Kilomita 5 zitakwisha kwa sekunde 25 tu. Katika muda huo rubani aone, atambue, aamue, ageuke. Naye akiruka kwa macho, kumwepa mwenzake ni juu yake mwenyewe. Wingu nalo laweza kuwa mlango wa eropleni nyingine. Akaaye karibu na mlango hugongwa na atokaye.

Hali ya hewa ikishuka chini ya viwango hivyo, sheria za macho hazitoshi tena, na sheria za vipimo ndizo zitawalazo. Hapo rubani sharti awe na cheti cha kuruka kwa vipimo, na eropleni iwe na vipimo na redio vifaavyo. Sharti aandike habari za safari yake kabla ya kuondoka. Mahali penye waongozaji hufuata amri zao, nao humtenga na wengine. Katika nchi nyingi waelekeao mashariki hupewa vimo vya futi elfu zisizogawanyika kwa mbili, kama 7,000 na 9,000. Waelekeao magharibi hupewa 6,000, 8,000 na kadhalika. Hivyo wapishanao hutengwa kwa futi 1,000, yaani mita 300 hivi.

Tena yapo mawingu yenye mawe ndani. Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, na siku nyingi umevaa mawingu. Yeye asiyeuona asidhani kwamba haupo. Kwa hiyo arukaye kwa vipimo sharti awe juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, hata umbali wa kilomita 8, kwa mita 300 zisizopungua. Na katika nchi ya milima, mita 600. Naye hulinda sana kipima-kimo chake, maana chombo hicho hupima uzito wa hewa, na uzito huo hubadilika siku kwa siku. Karibu na usawa wa bahari kosa la hektopaskali moja ni kosa la mita 8 hivi. Ndiyo sababu waongozaji humtajia kipimo cha hewa, naye hulirudia neno hilo kwa sauti ili wahakikishe amesikia.

Mwisho wa safari ndiyo sehemu ngumu. Katika viwanja vikubwa redio hutoa njia mbili zisizoonekana, moja ya kumwelekeza kulia au kushoto, na nyingine ya kumteremsha taratibu kwa digrii 3. Rubani huzifuata mpaka kimo cha kuamua, ambacho kwa namna iliyo ya kawaida ni mita 60 juu ya uwanja. Hapo huinua macho. Akiziona taa au njia ya kutulia, hutua. Asipoziona, hana ruhusa ya kusema, "Ngoja nishuke kidogo tena." Sharti apande mara moja, ajaribu upya, au aende uwanja mwingine, na kwa ajili hiyo alichukua mafuta ya akiba.

Msichanganye hali ya hewa na sheria. Siku ya anga safi rubani mwenye cheti aweza kuchagua sheria za vipimo, na eropleni kubwa za abiria hufanya hivyo karibu siku zote. Lakini siku ya wingu hakuna kuchagua.

Ukuta na busara

Tena, kutimiza sheria peke yake hakumwondolei mtu haja ya busara. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais wa Marekani aliyeuawa mwaka 1963, aliruka mwenyewe kwenda kisiwa cha Martha's Vineyard, pamoja na mkewe na dada ya mkewe. Hakuwa na cheti cha vipimo. Sheria za macho zilimruhusu kuondoka. Lakini usiku ulikuwa wa giza, na juu ya bahari palikuwa na utusitusi, upeo usionekane. Eropleni yao iliteremka ikizunguka, ikaanguka majini, wote watatu wakafa. Wachunguzi wa serikali walisema rubani alipotewa na fahamu za mahali alipo na jinsi alivyoelekea. Vipimo vyake vilikuwa mbele yake.

Sheria ni kama ukuta wa kisima. Humzuia mtoto asitumbukie, lakini haumfundishi akili. Akili ni kujua mpaka wako kabla hujaufikia. Rubani aonaye mawingu yashuka mbele yake, naye hana cheti, na ageuke angali aona nchi nyuma yake. Kurudi si aibu. Abiria wake watanung'unika kwa kuchelewa, kisha watakula chakula cha jioni nyumbani mwao siku nyingine. Wazee walisema, "Kawia ufike," nao hawakupata kuona eropleni.

MASWALI

1. Kwa nini rubani aliye ndani ya wingu asiuamini mwili wake?
2. Ocker alifanya nini baada ya kushindwa katika kiti cha daktari? Tabia yake yatufundisha nini?
3. Joto la hewa ni digrii 24, kiwango cha umande ni digrii 18. Kisieni kimo cha chini ya mawingu.
4. Eropleni mbili zaelekeana, kila moja yaenda mita 125 kwa sekunde. Kilomita 5 zitakwisha kwa sekunde ngapi?
5. Elezeni tofauti ya Sheria za Kuruka kwa Macho na Sheria za Kuruka kwa Vipimo.
6. Rubani amefika kimo cha kuamua, wala hazioni taa. Afanye nini, na kwa nini?